Sahani ya Bibi Arusi wa Urusi

Bugali haukutoa mvuke. Mama Alphonsine aliuepua ukitokota, akaupakua kwenye sahani nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, nao ukapoa papo hapo, saa sita ya mchana, katika joto la Kalemie la Septemba 1974.

Sahani zilikuwa kumi na tatu. Daktari mmoja Mrusi, alipoihama Zaire, alimwachia mume wa Alphonsine, Papa Onésime, mkuu wa stesheni mstaafu. Alisema zilitengenezwa kwa arusi ya binti wa mfalme wa kwao: kumi na mbili za wageni, moja ya bibi arusi, ambaye alikufa kabla ya kuilia.

"Hiyo moja usimpakulie mtu," daktari alionya.

Onésime alikuwa na mtoto mmoja tu, Viviane. Siku ya arusi yake alimpakulia hiyo hiyo, kwa fahari. Siku ya tisa homa ikamchukua.

Sasa kabati la sahani lilinuka nta ya mishumaa, na kila adhuhuri kijiko kiligonga ndani yake.

"Papa, nasikia baridi," sauti ilitoka kabatini.

"Njo sauti yake Viviane," Onésime alinong'ona. "Mutoto wetu amerudi."

"Mutoto gani anarudia kabatini?" Alphonsine alijifunika blanketi, midomo yake ilikuwa ya kijivu, vidole vimekufa ganzi. "Sasa ananitaka mimi."

Wakamwita Mama Domitille, mganga. Alinusa kabati, akarudi nyuma.

"Ni jini, Papa. Linaazima sauti. Liulize Viviane alikuita namna gani."

Serikali ilipoamuru kila mtu aitwe citoyen, yaani raia, Viviane alimtania mezani: Citoyen Papa, pitisha chumvi. Onésime aliuliza, akangoja.

"Papa," kabati likajibu. "Papa."

Basi akashika nyundo, akazivunja sahani kizingitini moja baada ya moja, akihesabu kwa sauti ili asisikie kilio kilichopanda kutoka kila kigae, mpaka ikabaki ile ya kumi na tatu, baridi kama mkono aliouaga hospitalini, nayo ikanong'ona chini ya kiganja chake, taratibu, kwa utani ule ule:

"Citoyen Papa, na mimi unanivunja?"

Nyundo ikasimama hewani. Alimtazama mkewe akitetemeka ndani ya blanketi.

Akapiga.

Jioni damu ilirudi midomoni mwa Alphonsine.

"Mwishoni lilisema nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama," alijibu Onésime, akainama kufagia vigae.