Saa Tuliyoificha

Wakati wa likizo nilikuwa na kazi moja tu ya maana, nayo ilikuwa kusoma karatasi ya umeme. Abu Kamil, mlinzi wa jengo letu, huibandika kila asubuhi penye lango la chini: jenereta saa fulani hadi fulani, umeme wa serikali saa fulani, giza saa zilizobaki. Sisi tunakaa ghorofa ya sita, hapa Tripoli ya Lebanoni, si ile ya Libya. Basi kila nikishuka kununua mkate naisoma, naibeba kichwani na kuitangaza nyumbani, na mama anapanga siku yake kwa maneno yangu: kufua, kupiga pasi, kupanda lifti.

Siku hiyo ya Agosti sikuisoma. Nyuma ya duka la mkate kulikuwa na paka aliyezaa, na nilichuchumaa pale kuwatazama watoto wake mpaka mkate ukapoa. Nikapanda mbio. Mama alikuwa mlangoni, mkoba begani, anawahi kazini.

"Lamis, umeme vipi leo?"

"Jenereta mpaka saa tisa mchana," nilijibu bila hata kupepesa macho. Hiyo ilikuwa ratiba ya jana. Nilijiambia kwamba ratiba huwa haibadiliki, na kwamba uongo mdogo kama huo haumuumizi mtu.

Tena huo haukuwa uongo wa kwanza nyumbani mwetu siku hiyo. Mama mdogo Ghinwa, mdogo wake mama, alikuwa analala chumbani kwangu. Mumewe anafanya kazi Abidjan, na yeye Ghinwa alikuja kwetu kusubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Alfajiri niliamka nikamkuta anavua shuka kitandani kwa haraka, kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na robo.

"Kuna nini?"

"Shh! Mkojo umenitoka. Mtoto ananibana kibofu. Mama yako asijue. Niapie, Lamis."

"Wallahi sisemi."

Niliapa kwa sababu nilimwonea huruma. Wiki iliyotangulia alishikwa na maumivu ya tumbo, jengo zima likataharuki, magari matatu yakamsindikiza hospitali, na daktari akasema ni gesi tu. Tangu siku ile, jirani wa ghorofa ya pili akikutana naye ngazini humuuliza, "Habari ya gesi, Ghinwa?" Wote wanacheka. Naye hucheka, kisha akiingia ndani analia.

Mpaka saa nane mchana alikuwa amebadilisha vitambaa mara nne. Kila alipokaa kidogo, vilikuwa vimelowa tena.

"Hebu nisindikize famasi nikanunue pedi," akasema. "Lifti inafanya kazi?"

"Mpaka saa tisa," nikasema. Uongo uleule, mara ya pili.

Lifti yetu ni ya zamani, ndogo, ina kioo ambacho kila mtu hujitazamia meno. Tulipita ghorofa ya tano. Kisha taa ikazimika, sakafu ikatikisika, na tukasimama. Feni iliyokuwa ikivuma juu yetu nayo ikanyamaza. Nikasikia pumzi zetu tu.

"Lamis," mama mdogo akaita polepole, "si ulisema saa tisa?"

Niliwasha tochi ya simu yake. Chaji ilikuwa asilimia tisa na mtandao hakuna, maana ndani ya kile kisanduku cha chuma simu haishiki kitu. Kwenye kidirisha cha mlango tuliona ukuta mtupu wa saruji. Chini kabisa, karibu na miguu yetu, palikuwa na ufa wa mwanga wa upana wa kiganja. Hapo ndipo mlango wa ghorofa ya nne ulipoanzia. Joto lilikuwa limeanza kupanda, na nguo zilinigandia mgongoni.

Mara mama mdogo akashika ukuta. Nikasikia sauti kama mtu amemwaga kikombe cha maji, kisha kingine. Ndala zangu zikalowa.

"Mungu wangu," akasema. "Huu si mkojo."

Nilianza kuugonga mlango kwa ngumi zote mbili na kupiga kelele mpaka koo likauma. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kuta zilikuwa karibu mno, na nilihisi hewa itatuishia kabla mtu hajatusikia.

"Nani anavunja jengo humo?" sauti ikauliza kupitia ule ufa.

Nilimjua mara moja. Ni Bi Nuhad wa ghorofa ya nne, mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu na kugombana na nusu iliyobaki.

"Ni mimi Lamis, na mama mdogo! Maji yamemtoka, Bi Nuhad, mengi!"

"Chupa ya uzazi imepasuka. Uchungu umeanza?"

"Hauumi kabisa," mama mdogo akajibu. "Kama hauumi si bado? Si tunasubiri uchungu kwanza?"

"Nani kakwambia? Chupa ikipasuka ni safari ya hospitali, uchungu uwepo usiwepo. Lamis, una tochi? Mulika hayo maji uniambie rangi. Usinikisie, tazama."

Niliinama. "Hayana rangi, ni kama maji ya kawaida. Yana rangi ya waridi kwa mbali sana."

"Si ya kijani? Si ya kahawia? Damu?"

"Hapana."

"Harufu?"

"Si ya mkojo. Wala hayanuki vibaya."

"Vizuri. Ghinwa, mtoto anacheza?"

Mama mdogo aliweka mikono tumboni. Tulisubiri. Niliona jasho likimtiririka shingoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nimebana pumzi.

"Amepiga teke!" akasema, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Haya, sikiliza. Je, kuna kitu kinachotokeza huko chini, kama kamba laini?"

"Hakuna."

"Ukikihisi, hicho ni kitovu cha mtoto: piga magoti, kifua sakafuni na makalio juu, kisha uniite kwa sauti yako yote. Usikiguse. Kwa sasa lala kwa ubavu wa kushoto. Weka kitambaa safi kwa nje kama pedi. Usiingize chochote ndani, hata kidole, wadudu wa maradhi wasipate njia." Akakohoa. "Sasa swali kubwa. Yalianza saa ngapi?"

"Sasa hivi," mama mdogo akajibu upesi.

Nikamtazama. Naye akaangalia ukuta.

Nje tulimsikia Abu Kamil amefika, anahema. "Bi Nuhad, lifti hii inashushwa kwa mkono kutoka chumba cha mashine kule juu ya paa. Lakini chumba kina kufuli na ufunguo anao fundi, na fundi yuko Beirut. Umeme wa serikali unakuja saa kumi."

"Saa mbili za kungoja," Bi Nuhad akasema kama anayepima kitu. "Kama yametoka sasa hivi, hayana rangi mbaya na mtoto anacheza, basi tutavumilia. Sipendi, lakini tutavumilia."

Chaji ilikuwa asilimia nne. Nilizima tochi tukabaki gizani. Nilimshika mama mdogo mkono, nao ulikuwa wa moto kuliko wangu.

"Mama mdogo," nikanong'ona, "ni tangu alfajiri."

"Uliniapia."

"Anauliza kwa sababu ina maana!"

"Watanicheka, Lamis. Watasema juzi gesi, leo kakaa na maji siku nzima kama mjinga. Nyamaza."

Nilikuwa nimebanwa kote: na chuma, na giza, na kiapo changu mwenyewe. Nikawaza, mimi nani wa kumwambia mtu aseme kweli, wakati ni uongo wangu uliotufungia humu? Basi nikaanza na wangu.

"Sikusoma karatasi," nikasema. "Nilikuwa natazama paka. Nilidanganya mara mbili, kwa mama na kwako."

Alivuta mkono wake. "Wewe ndiye umetutia humu?"

"Ndiyo. Nichape tukitoka. Lakini tutoke kwanza."

Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye ufa na kupiga kelele: "Bi Nuhad! Yalianza saa kumi na mbili na robo asubuhi! Niliiona saa!"

Nilidhani atatufokea. Kumbe sauti yake ikawa ya chini na ya haraka.

"Ghinwa, ni kweli?"

"Ni kweli," mama mdogo akasema huku akilia. "Nilidhani mkojo. Kisha nikaona aibu. Na sasa nasikia baridi, Bi Nuhad, na joto lote hili."

"Abu Kamil, lete nyundo."

"Lakini kufuli ni la mwenye jengo!"

"Mwenye jengo akija mwambie aniulize mimi. Saa nane zimepita tangu alfajiri, na mwanamke anatetemeka kwa baridi mwezi wa Agosti. Panda, baba, panda!"

Tulisikia miguu ikikimbia ngazini, ya Abu Kamil na ya mwokaji wa duka la mkate. Kisha nyundo, mbali juu yetu. Kisha lifti ikashuka shubiri moja, ikasimama, ikashuka nyingine. Ilichukua karibu nusu saa. Mlango ulipofunguliwa, hewa ya ukumbini ilikuwa tamu kuliko sharubati yoyote niliyowahi kunywa. Majirani walikuwa wamejaa, na yule wa ghorofa ya pili alikuwa mbele yao. Hakutamka neno gesi. Alikuwa ameshika funguo za gari lake, tayari.

Hospitalini daktari aliuliza swali lilelile, na safari hii mama mdogo hakungoja nimsemee. "Saa kumi na mbili na robo asubuhi." Walimkuta na homa, wakamtundikia dripu ya dawa ya kuua wadudu wa maradhi, kisha dawa ya kuanzisha uchungu. Mtoto wa kike alizaliwa kesho yake asubuhi, mzima, mwenye hasira za kutosha. Abu Kamil alipendekeza aitwe Kahraba, yaani Umeme. Mama mdogo akamwita Tala.

Mama hakunichapa. Alinitazama tu, kwa muda mrefu, na ningependa zaidi kuchapwa.

Baada ya wiki moja Bi Nuhad alikuja kula meghli, uji mtamu wa mchele na viungo tunaopika mtoto akizaliwa. Alikula bakuli mbili, akafuta mdomo, akatuita mimi na mama mdogo tukae mbele yake.

"Mmoja alificha saa kwa aibu, mwingine alibuni saa kwa uvivu," akasema. "Mimi nje ya ule mlango sikuwa na macho. Nilikuwa na maneno yenu tu, na kwa maneno yenu nilikuwa tayari kuwaacha humo saa mbili zaidi. Mkunga akidanganywa, anafanya kazi gizani. Na wewe Lamis, kiapo cha kuficha hatari ya mtu usikishike. Mwambie mtu mzima; mwenye siri atakasirika, lakini atapona."

Mama mdogo aliinama akambusu Tala kichwani. Kisha akaomba kalamu.

Asubuhi iliyofuata nilishuka kununua mkate. Kando ya karatasi ya umeme palikuwa na nyingine, kwa mwandiko wa mama mdogo: *Chupa ikipasuka, tazama saa, tazama rangi, sikiliza mtoto, vaa pedi safi, nenda hospitali. Usingoje uchungu. Usione aibu.* Chini yake alikuwa ametia sahihi jina lake kamili, jengo zima lisome.

Nikazisoma karatasi zote mbili, mpaka mwisho, ndipo nikapanda kwa ngazi.