Mikono kwenye Usukani

SAA NANE NA ROBO, MCHANA

Chumba cha nyuma, duka la matairi. Viti viwili vya plastiki vimepangwa sambamba. Gia ameshika sinia, eti usukani. Miaka kumi na tano ameendesha malori, leo anafundishwa kusimama.

"Umesimamishwa," alisema Koplo. Alikuwa trafiki hadi alipofukuzwa kazi. Cheo akabaki nacho kama jina. "Unafanya nini?"

"Naegesha pembeni. Nazima injini, nashusha kioo. Mikono kwenye usukani."

"Na abiria?"

Mdogo wake Gia, fundi kufuli, alikuwa kwenye kiti cha pili akichokonoa meno kwa njiti. "Abiria analala."

"Abiria anaweka mikono magotini na kufunga domo. Mdomo uliponza kichwa. Ukitaka kutoa kitu, sema kwanza kilipo, usubiri ruhusa. Mwenye silaha aitaje kabla hajaulizwa. Askari akiiona mwenyewe, kesi inaamuliwa na kidole chake."

"Sisi hatuna silaha," alisema Gia.

"Kazi zangu hazina silaha."

Gia aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Yeye ndiye aliyemvuta mdogo wake kwenye kazi hii ya kuvunja kwa sonara. Mama yao hakuwa na watoto wengine. Gia alijiapiza kumrudisha mzima. Dhahabu ingekuwa nyongeza tu.

SAA KUMI NA DAKIKA TANO

Karakana ya sonara, mlango wa nyuma. Fundi kufuli alimaliza kazi yake kwa dakika nne. Gia alikuwa nje, garini, mguu juu ya klachi, aliposikia mlio mmoja mkavu.

Wakatoka mbio. Fundi kufuli alijitupa kiti cha nyuma na kuficha uso. "Koplo kamuua mlinzi," alisema. "Mzee wa watu alikuwa anakimbia."

Koplo aliketi mbele na mfuko wa dhahabu. Akafungua droo ya dashibodi, akaweka bastola juu ya karatasi za gari, akaifunga.

"Ulisema hakuna silaha," Gia alinong'ona.

"Endesha."

Mitaa minne mbele, Koplo alishuka na mfuko wake. "Tukutane dukani. Piteni barabara kuu, ni shwari."

Fundi kufuli akahamia mbele. Hakuwa ameona kilichowekwa drooni, na Gia hakumwambia. Alimjua mdogo wake kwa hasira. Angeichukua na kumfuata Koplo papo hapo. Gia alitafuta kwa macho mahali pa kuitupa. Hakukuwa na mtaro wala jalala, watu tu kila kona.

SAA KUMI NA DAKIKA KUMI NA TISA

Kizuizi. Askari wawili. Mmoja alikuja upande wa Gia. Mwenzake, mwenye bunduki, alisimama dirishani kwa fundi kufuli. Jasho lilimtiririka askari huyo, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio.

"Leseni na kadi ya gari."

"Leseni iko mfuko wa shati, afande. Naomba niitoe."

"Toa. Kadi?"

"Iko hapa, afande," alisema fundi kufuli kwa heshima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumheshimu askari. Mkono wake ukaielekea droo.

Gia aliona bunduki ikiinuka. Akiongea, jela, pengine kitanzi. Akinyamaza, atamzika mdogo wake.

"Dogo, usiguse. Rudisha mkono." Kisha, bila kugeuza kichwa, "Afande, drooni kuna bastola. Imeua leo. Hatutaigusa."

"Kaka?"

"Magotini, mdogo wangu. Taratibu."

Mkono ulirudi. Bunduki ilibaki palepale, lakini haikulia.

SAA KUMI NA NUSU

Walilazwa kifudifudi kando ya barabara, pingu mgongoni.

"Umeniuza," fundi kufuli alifoka, mchanga mdomoni. "Damu yangu mwenyewe. Ungeniachia mimi, ningejua la kufanya."

Gia alikuwa analia, na hakuona aibu.

Askari mwenye bunduki alichuchumaa. "Tulipigiwa simu," alisema. "Namba ya gari, barabara mtakayopita, kila kitu. Tukaambiwa abiria ataitoa bastola drooni atufyatulie. Ungefungua ile droo, kijana, ningekumaliza."

Fundi kufuli aligeuza uso kumtazama kaka yake.

"Barabara kuu, ni shwari," alisema. "Koplo alitutoa kafara." Akajisogeza mpaka bega lake likagusa la kaka yake. "Mama tutamwambia nini?"

"Kwamba tuko hai. Mengine atayasikia mahakamani."