Viti Sitini na Chumba cha Bibi

Haya ni kweli tupu, hayana hata chembe ya chumvi. Asiyeamini achukue futi kamba akapime mwenyewe.

Asubuhi hiyo bibi alikuwa anatandika kitanda chake chini ya dirisha. Mwanawe, mkodishaji wa viti vya plastiki, akaingia na fundi mwashi. Fundi alishika nyundo.

"Mama, samahani. Leo tunabomoa ukuta huu," mwana alisema. "Kesho vinakuja viti vingine. Jumla vitakuwa sitini, na stoo haitoshi. Itabidi tuchukue chumba hiki."

"Na mimi nilale wapi?"

"Ukumbini, mama. Kuna hewa nzuri."

"Kwenye hewa hiyo kalale wewe na mkeo!" Bibi akaketi kitandani, akakunja mikono. "Sitoki. Nionyeshe hesabu yako kwanza."

Mwana akatoa karatasi. "Stoo inaingia marundo manne tu. Dari iko sentimita 250. Nimepanga viti vitano, kimoja juu ya kingine, nikapata 120. Basi kumi ni 240. Marundo manne ni viti arobaini. Ishirini vinabaki nje."

Fundi akaweka nyundo chini. "Kaka, kiti kimoja kina urefu gani?"

"Themanini."

"Mbona vitano havikufika mia nne?"

Mwana akajikuna kichwa. Bibi yeye alikuwa ameshainuka, futi kamba mkononi, anaelekea stoo. Akapima kiti kimoja: 80. Viwili: 90. Vitatu: 100.

"Kumbe! Cha pili kinazama ndani ya mwenzake. Kinaongeza kumi tu."

"Hapo hapo, mama," fundi alisema. "Cha kwanza kinaleta themanini. Kila kinachofuata kinaleta kumi. Ukiongeza viti mara mbili, urefu hauongezeki mara mbili. Hapo hakuna uwiano."

"Uwiano uko wapi sasa?" mwana aliuliza.

"Kwenye uzito. Kiti kimoja kilo tatu. Viwili sita. Kumi thelathini. Gawanya kilo kwa idadi ya viti, kila mara utapata tatu. Sasa gawanya urefu. Kimoja, 80. Viwili, 45. Jibu linabadilika. Likibadilika, usizidishe tu kama ulivyofanya."

Bibi alikuwa anahesabu kwa vidole. "Viti sitini, marundo manne. Kila rundo kumi na vitano. Cha kwanza themanini. Kumi na vinne vilivyobaki, mia na arobaini. Jumla 220. Dari ulisema ngapi, mwanangu?"

"250," mwana alijibu kwa sauti ndogo.

"Fundi, beba nyundo yako. Karibu chai."

Kesho yake viti vikafika. Marundo manne yakasimama stoo, na juu ikabaki nafasi ya sentimita thelathini. Ukuta haukuguswa. Bibi akalala chini ya dirisha lake.

Tena alivibeba mwenyewe vyote sitini, kichwani, safari moja, huku akipiga mluzi.

"Hebu rudia hapo!" bibi alimkatiza msimulizi mbele ya wasikilizaji wote. "Kiti kimoja kilo tatu. Sitini ni kilo ngapi?"

"Mia... mia na themanini, bibi."

"Kwa shingo hii?"

Watu wakaangua kicheko, na msimulizi akatozwa faini papo hapo: atoe viti vyote stoo hadi uani, avifute vumbi, avirudishe. Alibeba viwili viwili. Safari thelathini kutoka, thelathini kurudi. Hapo uwiano ulikuwa kamili, na mgongo wake ni shahidi.