Wimbo wa Wageni

Sikilizeni, jamaa zangu wa visiwani, na nyinyi wa mbali pia, maana ugonjwa ninaotaka kuusema hauna kisiwa chake maalumu. Unaweza kuingia nyumba yoyote ambayo baba anapendwa na watu wengi.

Nyumba ya Apenisa ilikuwa karibu na kanisa, na jioni zake zilikuwa za kupendeza. Mkewe, Mereoni, hukaa mlangoni akisuka mkeka. Apenisa ametoka shamba, mihogo ameitua, sasa anakuna nazi huku anaimba. Binti yao wa pekee, Asinate, hujilaza ubavuni pake akisubiri machicha ya kutafuna. Sauti ya Apenisa ilikuwa nene na laini, na wimbo ukifika mahali penye huzuni alifumba macho. Asinate alikua akiamini kwamba baba hufumba macho ili amwone yeye vizuri zaidi.

Kisha mtu mmoja aitwaye Maika akajenga kambi ya watalii upande wa pili wa kilima.

Wakaanza kuja vijana kutoka nchi za baridi, mabegi makubwa mgongoni, wanaruka kisiwa hadi kisiwa kwa ile boti kubwa ya manjano inayopita visiwa vyetu vyote vya Yasawa. Wanakaa hapa siku mbili, kule tatu. Walilala mchana kutwa kwenye vitanda vya wavu vilivyofungwa minazini, wakaogelea na miwani ya majini wakitazama samaki, wakacheza karata, wakala samaki wa nazi kwa mikono na kujichekea wenyewe. Msinisikie vibaya, watoto wa watu hawa hawakuwa na kosa lolote. Mtu aliye likizoni ana haki ya kulegea, na siku zikiisha hufunga begi akarudi kazini kwao. Ninayemsema ni mwenyeji aliyeingia katika likizo za watu akashindwa kutoka.

Maika alimwomba Apenisa aende jioni awachanganyie wageni yakona na kuwaimbia. Nanyi mnajua yakona kwetu ni nini. Ni mzizi wa heshima. Tunautwanga, tunaukamua kwenye maji, tunakaa chini kwa duara na kifuu kinazunguka. Mgeni huingia nao nyumbani kwa watu. Anayesafiri huagwa nao. Mwenye kosa huombea msamaha nao. Si pombe, wala haumfanyi mtu agombane. Humlegeza tu, na anayeunywa kila siku hulegea moja kwa moja.

Apenisa akawa kipenzi cha kambi. Wageni walimkumbatia, walipiga naye picha, walimwambia hawajapata kuona mtu mwenye upendo kama yeye. Asubuhi ya kuondoka kwao alisimama ufukweni na ua sikioni, akawaimbia wimbo wa kuaga hadi wasichana wakalia ndani ya boti. Alipenda kuliliwa, na mimi simcheki kwa hilo. Nani hapendi?

Lakini kinywaji kile kilimrudisha nyumbani jua limeshatoka, naye akalala hadi alasiri, akaamka, akaoga, akapanda tena kilima. Magugu yakaota juu ya mihogo. Ngozi ya mikono na miguu yake ikaanza kubanduka magamba kama ya samaki, alama inayojulikana na kila mtu kwetu. Mereoni akawa anaomba samaki kwa ndugu.

Inoke, binamu yake wa utani, hakumwacha.

"Bwana Likizo!" alimwita mbele za watu. "Mkeo jana kaniuliza kama nimewahi kukuona mchana. Nikamwambia nilikuona mwaka juzi, ulikuwa mtanashati."

"Wivu tu huo, binamu," Apenisa alijibu akicheka. "Wewe hata mbuzi hawataki uwaimbie."

"Mbuzi wangu wananijua sura, bwana. Walioko nyumbani kwako wanakujua?"

Watu walicheka, Apenisa naye alicheka. Asinate, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, hakucheka. Alikuwa na hamu na baba yake, na hamu ya mtu unayelala naye nyumba moja ni ngumu kuliko zote, kwa sababu huwezi hata kumwambia mtu.

Asinate alipomaliza shule alipata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Lautoka. Kijiji kizima kilifurahi. Kaka wa mama yake, mjomba Kolinio wa kisiwa cha Taveuni, alituma furushi la mizizi ya yakona, minene, mikavu vizuri, imefungwa kwenye gazeti, ije itumike kumwombea ruhusa ya kuondoka. Ndiyo desturi. Baba huuweka mzizi mbele ya wazee, husema maneno ya kumtoa mtoto, nao hupokea na kumbariki. Hapo mtoto ameagwa, na popote aendako ana kwao.

Mereoni alilitundika furushi kwenye msumari juu ya kitanda.

"Maneno yako nitayasema mimi," Apenisa alimwambia binti yake, akimshika bega. "Yatakuwa maneno mazuri, hayajasemwa hapa kijijini. Halafu nakushusha hadi majini, nakuimbia."

"Ule wimbo wa wageni?"

"Ule ule. Lakini wako utakuwa mrefu zaidi."

Kuanzia hapo Asinate alilala akilitazama lile furushi. Aliwaza wazee wamekaa, baba yake amevaa shati lake jeupe, jina lake linatajwa kwa sauti ile nene. Hakuwa akiwaza sana Lautoka. Aliwaza yale maneno.

Asubuhi ya safari Mereoni aliamka kumsuka nywele. Akainua macho. Msumari ulikuwa mtupu, na gazeti lilikuwa sakafuni.

"Labda kalipeleka kwa wazee," alisema, lakini sauti ilimsaliti.

Asinate alipanda kilima mbio na nywele nusu zimesukwa. Kule kambini bakuli kubwa la mbao lilikuwa bado kwenye mikeka, limezungukwa na vifuu, na kando ya kinu zilibaki nyuzi za mizizi iliyotwangwa. Baba yake alikuwa amekaa kwenye ngazi anakaza nyuzi za gita, macho mekundu, ua sikioni.

"Baba, yakona yangu iko wapi?"

Apenisa alitazama chini. "Mwanangu, jana kambi iliishiwa. Na hawa vijana ilikuwa jioni yao ya mwisho, wametuzoea, wanaondoka. Ningewaachaje mikono mitupu?"

"Na mimi naondoka."

"Najua, mama, najua. Boti kubwa inakuja na mzigo wa Maika, nitachukua mzizi mwingine hapo hapo. Wewe nenda, kajiandae. Nawaimbia hawa, kisha nakuja. Sichelewi."

Asinate alirudi. Alivaa gauni lake la kanisani akakaa mlangoni, mkeka mpya umekunjwa magotini. Wazee walikuja, wakakaa, wakauliza kwa upole baba yuko wapi. Hakuna awezaye kusema maneno ya baba ilhali baba yu hai na yuko ng'ambo ya kilima. Boti kubwa ikaonekana inazunguka rasi, nayo haimngoji mtu. Chuo kilikuwa kinafunguliwa kesho yake.

"Nenda, mwanangu," Mereoni alisema, akamkumbatia. "Nenda tu. Mungu atakuaga."

Inoke alimpakia kwenye boti yake ndogo ampeleke hadi ile kubwa. Siku hiyo hakutania hata kidogo. Ila kambi ilikuwa na wageni wengi kuliko boti zake, nao walimpungia mkono awasaidie, na kwetu hatumwachi mtu ufukweni. Akakata kona akapitia kule. Vijana wakapanda wakilia na kucheka, mabegi yakarundikwa, na Asinate akajikuta nyuma ya rundo lile, amepakata mkeka wake.

Apenisa alisimama majini hadi magotini, akaanza wimbo. Alikuwa amefumba macho.

Asinate angeweza kumwita. Lilikuwa neno moja tu, Baba. Lakini akimwita wimbo utakatika, na tangu utotoni alikuwa akiutamani wimbo ule. Kwa hiyo alinyamaza akausikiliza hadi mwisho, akijidanganya kwamba ni wake. Inoke naye aliwasha mashine. Wageni walipopiga kelele za kwaheri, Apenisa alifumbua macho akalipungia mkono rundo la mabegi.

Msichana mmoja mgeni, pua nyekundu kwa kilio, alimgeukia Asinate. "Yule baba ana moyo mzuri sana. Wewe wa hapa, unamfahamu?"

"Sauti yake naijua," Asinate alijibu.

Yaliyofuata nyumbani alihadithiwa baadaye na mama yake. Apenisa alifika na kipande cha mzizi mkononi, ameoga, amechana nywele. Aliwakuta wazee wametawanyika.

"Yuko wapi bibi harusi wetu?" aliuliza, maana alipoona aibu alijifanya mchangamfu.

"Ameondoka," Mereoni alisema.

"Kwa boti gani? Mimi nilikuwa pale ufukweni."

"Ile uliyoiimbia."

Apenisa aliketi pale pale alipokuwa amesimama. Kwa siku kadhaa hakupanda kilima. Kisha Maika akaja kumbembeleza, akasema kundi jipya limefika na linamuulizia kwa jina, naye akaenda. Mnashangaa? Msishangae. Aibu ikimwelemea mtu hukimbilia kule lisikojulikana kosa lake.

Mwaka mzima Asinate alikaa Lautoka. Kwa simu baba aliahidi kwenda, na hakwenda. Kazi aliipenda, wenzake walimpenda, lakini mtu alipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kwa kusita kidogo. Jioni akisikia watu wanaimba uani alisimama na sahani mkononi hadi wamalize.

Krismasi ilipokaribia alikwenda sokoni akanunua yakona kwa posho yake.

Alifika kijijini alasiri. Apenisa ndiyo kwanza anaamka, amekaa ndani kwa juu, upande wa wenye nyumba, shuka kiunoni. Asinate alivua viatu, akaingia ameinama, akakaa chini pale mlangoni, akauweka mzizi mbele yake. Kisha akapiga makofi ya heshima, polepole, kama inavyotakiwa.

"Asinate!" baba yake alisema akinyanyuka. "Mwanangu! Mbona umekaa hapo?"

"Hapa ndipo wanapokaa wageni."

"Mgeni nani? Wewe wa hapa, njoo huku juu."

"Wa hapa huagwa, Baba. Mimi nilipita tu, pamoja na wale wenye mabegi. Na wao unawaimbia." Sauti yake ilianza kukatika. "Basi nimekuja mgeni. Labda nami nitaimbiwa."

Mereoni, aliyekuwa jikoni, alijiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akifutia vyombo.

Maneno ya kumpokea mgeni Apenisa aliyajua kuliko mtu yeyote kisiwani. Aliyasema kila jioni, mengine kwa mzaha. Alifungua mdomo na hayakutoka. Machozi yakamtoka badala yake, na hakuyafuta. Mwishowe alisimama, akashuka kutoka kule juu, akampita binti yake, akaenda kukaa chini zaidi yake, nje kabisa ya kizingiti, palipo viatu.

"Mwenye kosa ni mimi," alisema. "Mimi ndiye wa kuomba. Na sina hata mzizi wa kuombea. Yote nimewapa watu."

Mikono yake ilikuwa mitupu magotini. Asinate aliitazama, ile mikono na magamba yake, na hamu ya mwaka mzima, na ya miaka mingi kabla ya huo, ikamjaa. Akausukuma mzizi wake hadi mbele ya baba yake.

"Nakuazima," alisema.

Apenisa aliuinua kwa mikono miwili akaomba msamaha, kwanza kwa binti, kisha kwa mkewe, maneno mafupi yasiyo na urembo. Asinate akaugusa. Kwetu ukiugusa umekubali.

Hapo hapo sauti ikaita kutoka njiani. Ni mtumishi wa Maika. "Apenisa we! Boti imeshusha watu, wanakusubiri!"

"Waambie siji," Apenisa alisema. "Nina mgeni."

Sikukuu zilipokwisha, wazee walikaa, mzizi ukawekwa, maneno yakasemwa. Hayakuwa mazuri kama alivyoahidi, alikwama mara kadhaa na Inoke akamsukumia neno. Kisha akamshusha binti yake hadi majini, akaimba. Aliimba vibaya, kwa kuwa alikuwa analia, na kwa kuwa hakuzoea kuimba akiwa amefumbua macho.

FUNZO

Ndugu zangu, wageni tuwapokee, tuwalishe, tuwaimbie. Ukarimu ni sifa yetu na sitaki mtu ainuke hapa akaupunguze. Lakini baba, mama, jiulize: yale unayowapa watu wa kupita, wa nyumbani kwako wameyapata? Tabasamu lako analiona nani? Anayepita hukusifu kwa siku mbili akaondoka na picha yako. Anayekaa nawe hanung'uniki, huzoea tu, na siku moja hufunga mzigo wake akapita mbele yako bila kukuita. Usingoje mwanao aje kukaa mlangoni na mzizi mkononi ndipo umkaribishe ndani. Apenisa alibahatika, maana wake alirudi.