Mtu wa Nne Kwenye Mituweli

Kila asubuhi mimi ndiye wa kwanza kuamka nyumbani kwetu Rugerero. Nachota maji, namwamsha mdogo wangu Cedric, nampa Bibi chai, kisha nateremka shuleni Gisenyi. Siumwi mimi. Hata mafua hunipita. Kwa kujua hivyo nikajipigia hesabu ya kijinga.

Mwezi wa saba Mama alinituma kwa wakala na mchango wa mituweli, bima yetu ya afya, wa watu wanne. Nikalipia watatu: Mama, Bibi na Cedric. Wa kwangu nikanunulia raba nyeupe sokoni, nikasema nimepewa na rafiki yangu Claudette. Nani angeumia? Mgonjwa si mimi.

Januari Cedric akabanwa na kifua. Jumatatu asubuhi mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi. Mama akamfunga mgongoni, tukakimbia hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpokea upesi, akamwekea hewa, akasema lazima apelekwe hospitali kwa gari la wagonjwa. Tukatumwa dirishani kwa Mzee Hitimana, karani wa bima. Akabonyeza kompyuta yake. Akabonyeza tena.

"Mama Cedric, nyumba yako imefungwa kwenye mfumo wa bima. Mko wanne, wamelipiwa watatu. Hadi Desemba mlivumiliwa. Sasa gari na hospitali utalipa mwenyewe, bei kamili."

"Mi nilituma feza ya watu wote!" Mama akapiga kelele. "Muangalie muzuri, Papa! Mutoto anakufa, ee!"

Nilisimama tu. Sikulia, sikuogopa. Mikono yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikasoma tangazo la chanjo ukutani, nikalisoma tena, na kilio cha Mama nikakisikia kwa mbali. Kisha nikajisikia nikisema, "Ni mimi. Wa nne ni mimi. Zile pesa nilinunua raba."

Mama alinitazama. "We Dative," akasema, basi. Akatoa simu, akampigia mama yake Claudette, yule yule niliyemsingizia mwanawe, akamwomba mkopo. Pesa zikaingia, Mama akalipa mchango wangu, mfumo ukafunguka, gari likaondoka na Cedric.

Alilazwa siku sita, akarudi amekonda lakini anacheka. Kila mtu nyumbani alifurahi. Mimi sikuhisi chochote. Mama akanituma kwa Mzee Hitimana kupeleka shukrani, na huko nikashindwa kunyamaza.

"Mzee, Cedric alilipiwa. Kwa nini afungiwe kwa ajili yangu?"

Akavua miwani. "Kwa sababu kila nyumba ingefanya kama wewe, mwanangu. Wangelipa wagonjwa tu, na mchango ungepanda hadi mama yako ashindwe. Nazo kampuni za bima zingeachwa zigombanie wateja bila sheria, zingekukimbilia wewe mzima, na bibi yako mwenye presha zingemtajia bei ya kumfukuza. Ndiyo maana serikali ikaweka kiwango, ikasema nyumba nzima ilipe. Mzima ndiye anayembeba mgonjwa."

Akavaa tena miwani, akasema taratibu, "Wewe ndiye uliyekuwa umembeba Cedric. Ukamwachia."

Hapo ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu, na mzee akaniacha nilie.