Mkwaruzo wa Santuri ya Tumba

Tofauti ilikuwa ya sekunde nne. Mashauri, mhandisi mstaafu aliyeendesha lebo ndogo ya muziki wa bluzi za mashambani katika chumba cha nyuma cha nyumba yake huko Alby, nje kidogo ya Stockholm, alikuwa na desturi ya kupima kila wimbo kwa saa ya sekunde kabla santuri hazijatumwa kwa wateja. Wimbo wa mwisho ulipaswa kudumu dakika mbili na sekunde hamsini na moja. Jumatatu ulidumu dakika mbili na sekunde hamsini na tano. Jumanne ulifika dakika tatu na sekunde mbili.

Hakuwaza majini. Alimwaza Filip, mshirika wake mwenye kushughulikia mitambo, mzaliwa wa Stockholm kwa wazazi kutoka Mwanza.

“Umechokonoa wimbo?”

“Nej, mzee. Santuri ikishachapwa haiongezwi hata pumzi. Labda saa yako imezeeka kukushinda wewe.”

“Saa yangu hainywi kahawa ya bure hapa kwangu.”

Filip alicheka, akashusha sindano kwenye santuri. Mwimbaji wa santuri ile alikuwa mwanamume mmoja asiyejulikana jina, peke yake na gitaa. Lakini sasa, nyuma ya gitaa, mwanamke alivuta pumzi. Wote wawili waliijua pumzi ile. Ilikuwa ya Adelina, mke wa Mashauri, aliyekuwa jikoni akimenya viazi.

Jumatano Adelina aliamka na sauti iliyokauka. Kufikia jioni alikuwa akinong’ona.

“Baba Rebecka, kuna mtu ananivuta maneno kooni.”

Mashauri alipima tena: dakika tatu na sekunde arobaini. Kadiri wimbo ulivyorefuka ndivyo mkewe alivyonyamaza, na chumba cha nyuma kikajaa harufu ya nywele zilizoungua, harufu iliyozidi kila sindano ilipokaribia mwisho wa santuri, pale ambapo sauti ya mwanamke, iliyokuwa pumzi tu jana na mguno asubuhi, sasa ilikuwa imeanza kutafuta maneno.

Alhamisi asubuhi, kwa wito wa Mashauri, alifika Bi Kamila wa Akalla, mama anayejulikana kwa kisomo cha kufukuza majini. Aliomba kuonyeshwa santuri kongwe ulikotolewa wimbo, ile waliyoinunua katika mji wa Tumba kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Alipitisha ukucha kwenye mifuo ya mwisho. Palikuwa na mikwaruzo mitatu ya msumari, iliyonyooka na kulingana nafasi.

“Mbona kwenye wimbo wenu haisikiki?”

“Niliiondoa kwa kompyuta,” Mashauri alieleza, si bila fahari. “Mwezi mzima, mlio mmoja mmoja, ili wimbo ufike mwisho wake.”

“Baba, mtu alikwaruza makusudi ili usifike. Alifunga mlango, nawe ukaufungua kwa ustadi.” Aliteremsha sauti. “Irudishe. Kwenye kila santuri mliyochapa.”

Santuri mia tatu zilikuwa bado ndani ya maboksi. Bi Kamila alisoma. Wanaume wale wawili walikwaruza kwa misumari, mara tatu kila moja, Mashauri akihesabu kwa sauti hadi ikamkauka. Walipomaliza ya mia tatu, kioo cha dirisha kilitetemeka na ile harufu ikatoweka.

“Baba Rebecka!” Adelina aliita kutoka jikoni, sauti yake ikiwa kamili. “Mnaguguna nini humo kama panya?”

Mashauri alikaa chini akalia. Bi Kamila aliaga, akaenda zake. Filip alikuwa akifuta mikono alipouliza polepole:

“Mzee, zile tano za majaribio?”

Santuri za majaribio, zilizochapwa kwanza, hazikupewa namba. Ndiyo maana Mashauri hakuwa amezihesabu. Nne zilikuwa rafuni.

“Ya tano iko wapi?”

“Niliipeleka redioni wiki iliyopita. Wataipiga leo, saa kumi.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tatu. Mashauri alikimbia jikoni, ambako mkewe huwasha redio kila alasiri. Gitaa lilikuwa likimalizika. Adelina alimgeukia akitabasamu, na midomo yake ikatamka, “Baba Rebecka.”

Sauti ilitoka redioni.