Hata Maji ya Mvua Yaligeuka Mekundu

Kila jioni, baada ya shule, Chiriku alichota maji kwenye kisima kilichokuwa nyuma ya karakana ya betri. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama aliyatumia maji hayo kupikia uji wa mdogo wa Chiriku.

Siku moja mwalimu wa sayansi akawaeleza kwamba betri kuukuu hutoa risasi, madini yasiyo na harufu, ambayo hata ukiyachemsha hayatoki majini. Huharibu ubongo wa mtoto polepole. Tangu hapo Chiriku hakumpa mtu raha. "Mama, tusinywe!" Mama akajibu, "Basi nioneshe hiyo sumu, mwanangu. Mimi naona maji tu."

Mwalimu alikuwa na dawa ya kijani, ambayo hugeuka nyekundu ikikutana na risasi. Akamwagiza Chiriku aoshe vichupa viwili vizuri kwa maji ya mvua, kisha ajaze kimoja maji ya kisima, kingine maji ya mvua ya kulinganishia.

Jumamosi majirani walijaa kisimani. Mwalimu akadondosha dawa. Kichupa cha kisima kikawa chekundu.

"Si niliwaambia!" Chiriku akaruka.

Kichupa cha mvua nacho kikawa chekundu.

Fundi wa betri alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, kumbe hata mawinguni kuna betri! Choteni maji yenu, mama zangu."

Wakachota. Mama naye akajitwika ndoo, bila kumtazama binti yake. Chiriku alitamani kuvipasua vile vichupa.

"Uliviosha kwa maji gani?" mwalimu aliuliza.

Tangi la maji ya mvua lilikuwa mbali na kisima, na siku ya kuviosha alikuwa na haraka, akaenda huko mara moja tu, kujaza. Kusema "ya mvua" kungemwokoa na aibu. Lakini ndoo ya mama ilikuwa inaelekea nyumbani, kwenye sufuria ya uji.

"Mama, simama!" akapaza sauti. "Nilivisuuza kwa maji ya kisima. Vyote viwili. Nilifanya uvivu."

"Chiriku mvivu wa kila kitu ila kusema!" fundi akadakia. Watu wakacheka tena.

Mwalimu hakucheka. "Tone lililobaki ndani linatosha kuharibu kipimo. Nenda kaoshe upya."

Safari hii Chiriku alisugua na kusuuza tangini mpaka vidole vikakunjamana. Dawa ikadondoshwa. Cha kisima kikawa chekundu. Cha mvua kikabaki kijani kibichi.

Hakuna aliyecheka. Fundi aliitazama chai iliyokuwa kikombeni mwake, akaimwaga chini taratibu. Kisha akaleta mbao na misumari, akakifunika kisima kwa mikono yake mwenyewe.

Mama alimwaga ndoo, akamshika binti yake bega. "Kazi ukiilipua, mwanangu, utairudia, hayo yamekwisha. Lakini ungeficha, mdogo wako ndiye angeendelea kunywa sumu hiyo."